Mwana Alirudi na Elimu, Baba Akaenda Kusoma



Sisi tunaoandika maneno haya ni kapita wa wanafunzi. Tuko na miaka 18, na tuko katika kalasi ya mwisho. Nyuma ya miezi michache tutafanya Mtihani wa Serikali, na wenye kufaulu watapata diploma. Siku hizi, wafinalisti wakikutana njiani ao kwenye chemchemi ya maji, wanaongea neno moja tu: nyuma ya diploma tutakwenda wapi? Mmoja anasema Butembo. Mwingine anasema Kisangani. Mwingine anasema atabaki hapa Kasugho asome namna ya kutunza msitu na wanyama. Yote ni mazuri. Lakini hatujasikia mtu akiuliza: nyuma ya diploma, tutakaa namna gani na baba zetu? Juu ya swali hilo tumeshika kalamu.

Katika kalasi ya mwisho tunasoma filozofia, na kwa njia ya somo hilo tulikuta habari ya baba mmoja na mtoto wake, watu wa India ya zamani sana, waliotafuta elimu ya kiroho. Habari hiyo imetushika, na tunapenda kuigawa kwenu.

Kwanza tuondoe woga. Kuko ndugu atauliza: hili ni gazeti la shule ya Kiprotestanti, Wahindu wanatafuta nini ndani yake? Tunamjibu kwa upole. Someni Matendo ya Mitume 17. Mtume Paulo alipofika Atene alitembea katikati ya madhabahu za watu, akatazama, kisha akasema nao akitumia hata maneno ya watunga mashairi wao. Hakuacha imani yake, lakini hakuogopa kusikia. Sisi pia tunaweza kusikia.

Tena, watu hao si wa mbali sana na sisi. Wakati Waingereza walipojenga reli, tangu Mombasa mwaka 1896 mpaka Ziwa Victoria mwaka 1901, walileta wafanyakazi zaidi ya 30 000 kutoka India. Reli hiyo iliendelea kidogo kidogo, ikafika Kampala mwaka 1931, na Kasese mwaka 1956, yaani ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kasindi. Wengi wa wafanyakazi walirudi kwao, wengine walibaki, na wafanyabiashara wakawafuata. Wakajenga maduka, mashule na mahekalu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza watu wa Asia waliokaa Uganda, akawapa siku 90 tu. Katika miaka ya 1990 wengine walirudi. Na pale Jinja, pahali mto Nili unatoka ziwani, sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa majini mwaka 1948.

Neno moja tusichanganye. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Kuko Wahindi Waislamu, Wasikhi, hata Wakristo. Sisi leo tunasema juu ya Wahindu.

Habari yenyewe iko katika kitabu kinachoitwa Chandogya Upanishad. Upanishad ni mafundisho yanayokuja mwisho wa Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu. Wataalamu wengi wanasema Chandogya ilitungwa kati ya karne ya 8 na ya 6 mbele ya Kristo. Kwa muda mrefu maneno hayo hayakuandikwa. Mwalimu alisema, mwanafunzi akashika kwa kichwa, sawasawa na wazee wetu walivyopokea mithali na majina ya mababu kando ya moto.

Baba aliitwa Uddalaka Aruni, na mtoto Shvetaketu. Walikuwa Wabrahmani, watu wa ukoo wa makuhani. Siku moja baba alimwambia mtoto kwamba katika jamaa yao hakuna mtu anayeitwa Mbrahmani kwa kuzaliwa tu, bila kusoma; basi aende akakae kwa mwalimu. Mtoto alikuwa na miaka 12. Alikaa huko miaka 12, akarudi kwao akiwa na miaka 24.

Wafinalisti, hesabu hiyo hamuioni? Miaka 12! Ndiyo hesabu yetu. Wazazi wetu walisema 6 ya primere na 6 ya sekondari. Leo tunasema 8 ya elimu ya msingi na 4 ya humanite. Jumla ni 12 tu. Kumbe Shvetaketu ni finalisti kama sisi.

Basi alirudi amejua Veda zote, na amejaa kiburi. Baba alimtazama. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimuuliza swali moja tu: je, aliwauliza walimu wake ile elimu ambayo mtu akiipata, jambo lisilosikiwa linakuwa limesikiwa, na jambo lisilofikiriwa linakuwa limefikiriwa? Mtoto akashangaa, akauliza elimu kama hiyo iko namna gani. Baba akatoa mfano wa udongo. Ukijua bonge moja la udongo, umejua kila kitu cha udongo, kwa maana chungu na mtungi ni majina na sura tu, kitu chenyewe ni udongo. Hivyo pia dhahabu, hivyo pia chuma.

Sasa sikilizeni jibu la mtoto, juu hapa ndipo habari yote inageuka. Alisema kwamba kwa hakika walimu wake waheshimiwa hawakujua neno hilo, maana wangelijua wangalimwambia. Akamwomba baba yake amfundishe yeye. Hakusema kwamba kule shuleni hawakufundishwa hivyo. Wala hakusema kwamba wazee wa nyumbani hawajui kitu. Miaka 12 ya masomo haikumzuia kuketi tena chini kama mwanafunzi, tena mbele ya baba yake mzazi.

Na baba alimfundisha namna gani? Hakuwa na ubao wala chaki. Alitumia vitu vya nyumbani. Tutahadithia vinne.

Cha kwanza ni mbegu. Baba alimtuma alete tunda la mti mkubwa wa jamii ya mtini, alipasue. Ndani kulikuwa na mbegu ndogo sana. Akamwambia apasue mbegu moja, akamuuliza anaona nini ndani yake. Mtoto akajibu haoni kitu. Baba akamfundisha kwamba kile asichokiona, ndicho mti mkubwa ule unasimama juu yake. Sisi wa Kasugho tunaweza kufikiri juu ya mkaratusi. Mbegu yake ni kama vumbi, ukipiga chafya imepotea. Lakini kwa ile vumbi tunapata mbao, nguzo za nyumba na makaa.

Cha pili ni chumvi. Baba alimwambia mtoto atie chumvi katika maji usiku, arudi asubuhi. Asubuhi akamwambia ailete ile chumvi. Mtoto akatafuta, hakuiona, juu imeyeyuka. Basi baba akamwambia aonje maji ya juu. Iko chumvi. Ya katikati. Iko chumvi. Ya chini. Iko chumvi. Macho hayaioni, lakini iko pahali pote. Wazee wetu Banande walijua bei ya chumvi: walisafiri mpaka kando ya Ziwa Edward kutafuta chumvi ya Katwe, wakairudisha mgongoni. Mtu aliyebeba chumvi kwa siku nyingi hawezi kusema chumvi si kitu kwa sababu haionekani katika mboga.

Cha tatu ni mito. Baba alisema mito ya mashariki inakwenda mashariki, na ya magharibi inakwenda magharibi, na ikiingia katika bahari haikumbuki tena kwamba mimi nilikuwa mto huu, mimi nilikuwa mto ule. Ndugu, mfano huu ni wa milima yetu kabisa! Mvua inanyesha juu ya milima ya Lubero. Maji yanayoshuka upande wa magharibi yanatafuta mto Congo, kisha Bahari ya Atlantiki. Maji yanayoshuka upande wa mashariki yanafika Semliki, kisha Ziwa Albert, kisha Nili, mpaka bahari ile ya Misri. Mvua ni moja, na mwishoni yote yanaitwa bahari tu.

Cha nne ni njaa, na hapa tunaomba tukae kidogo. Baba alimwambia mtoto asile siku 15, lakini anywe maji anavyotaka. Zilipotimia, mtoto alikuja, na baba akamwambia aseme Veda kwa kichwa. Hakuna neno lililokuja. Miaka 12 ya masomo yote, kimya! Baba akamlinganisha na moto mkubwa uliobaki kaa moja tu, dogo kama kimulimuli, lisiloweza kuunguza kitu. Lakini ukiliwekea nyasi kavu linawaka tena. Akamwambia aende akale. Akala, na maneno yote yakarudi.

Wanafunzi wenzetu, mfano huu umetupiga moyoni. Mwana yule alifikiri elimu iko katika kichwa chake, mali yake mwenyewe. Baba akamwonyesha kwamba kichwa kinasimama juu ya chakula, na chakula kinatoka shambani. Sisi hapa, nani ametusomesha? Katika kila diploma inayotoka Kasugho kuko maharagwe, kuko mihogo, kuko ndizi. Kuko mama anayepanda mlima na mzigo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, anakwenda soko ili mtoto asifukuzwe juu ya feza ya shule. Kuko baba anayevaa koti moja miaka kumi. Diploma itaandikwa jina letu peke yetu. Lakini kama tungeweza kuionja kama yale maji, tungesikia chumvi ya jasho yao juu, katikati na chini.

Tusifiche pahali ambapo hatuendi pamoja na Uddalaka. Kila mara nyuma ya mfano, mara 9 yote pamoja, alimfundisha mtoto kwamba kile kisichoonekana ndicho nafsi ya ulimwengu wote, na kwamba yeye mtoto ndiye hicho. Wahindu wenyewe hawakupatana juu ya maana yake. Shankara, karibu karne ya 8 ya Kristo, alisema nafsi ya mtu na ule Ukweli mkuu ni kimoja kabisa. Ramanuja, aliyefundisha katika karne ya 11 na ya 12, alisema nafsi na ulimwengu ni kama mwili wa Mungu. Madhva wa karne ya 13 alisema Mungu na nafsi ni mbalimbali kabisa. Sisi Wakristo tunakiri kwamba Muumba ni Muumba na kiumbe ni kiumbe, na kwamba neema inatoka kwake. Hatutaki mtu aseme kwamba kapita amefundisha dini nyingine. Lakini baba anayekaa na mtoto wake asubuhi, kikombe cha maji katikati yao, wanatafuta jambo kubwa kupita chakula na mavazi, huyo tunamheshimu. Nyumba ngapi katika Kasugho ziko na asubuhi kama hiyo?

Sasa iko habari ya pili, na wengi hawaijui. Inawataja watu wale wale wawili. Iko katika Chandogya, na tena katika kitabu kingine kinachoitwa Brihadaranyaka Upanishad. Shvetaketu alikwenda katika mkutano wa watu wa Panchala. Mfalme wao, Pravahana Jaivali, alimuuliza kama baba yake amemfundisha. Kijana akajibu ndiyo. Mfalme akampa maswali 5. Moja: watu wakiondoka katika dunia hii wanakwenda wapi? Lingine: kama watu wanakufa kila siku, sababu gani ule ulimwengu mwingine haujai? Kijana hakujua hata moja. Akarudi kwa baba yake na moyo mchungu, akamlaumu: ulisema umenifundisha, kumbe mtu amenipa maswali 5 na sikuweza hata moja!

Wazazi na walimu, hapa ni zamu yenu. Baba angeweza kukasirika. Angeweza kusema mfalme yule ni mtu wa vita tu, anajua nini mambo ya Mungu? Maana kwa desturi zao Mbrahmani ndiye alikuwa mwenye kufundisha. Lakini Uddalaka alijibu kwamba maswali hayo yeye pia hakuyajua. Angeyajua, angekosa namna gani kumwambia mtoto wake? Na katika Brihadaranyaka alimwambia mtoto waende pamoja wawili, wakakae kwa mfalme kama wanafunzi.

Mtoto alijibu nini? Alimwambia baba aende mwenyewe.

Basi mzee alikwenda peke yake. Mfalme alimpokea vizuri, akataka kumpa mali. Mzee akakataa mali, akaomba lile neno ambalo mfalme alimwambia mtoto wake. Mfalme akamwagiza akae kwanza, kisha akamfundisha, akisema kwamba mbele ya siku ile elimu hiyo haikuwahi kufika kwa Mbrahmani yeyote. Ndiyo hivyo: mwana alirudi na elimu, na baba akaenda kusoma.

Tumefikiri sana juu ya jibu lile la kijana. Aenda alikataa kwa haya, ao kwa kuchoka, kitabu hakisemi. Lakini tunajua alikosa nini: alikosa safari pamoja na baba yake.

Swali la mfalme tulilisikia sisi pia, hapa hapa kwetu. Mwaka uliopita nyanya yetu, mama ya baba, aliaga dunia. Baba yetu ni mlimaji. Alisoma mpaka mwaka wa nne wa primere, kisha akaacha juu hakukuwa namna. Siku ya tatu ya kilio watu walikuwa wamepungua, moto ulikuwa ukiwaka kidogo. Baba akatuuliza kwa sauti ndogo: "Kijana, wewe unasoma dini na filozofia. Mama yangu yuko wapi usiku huu?"

Tulimwambia yale tuliyofundishwa: ufufuo, uzima wa milele, tumaini letu katika Kristo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Hayo ninayaamini. Lakini ninauliza usiku huu." Tukabaki kimya wote wawili. Baadaye akasema: "Mimi pia sijui. Kesho twende kwa muzee pasta, twende wawili."

Tulikwenda. Ni saa mbili kwa mguu, na njiani alituhadithia mambo ya nyanya ambayo hatukuwahi kusikia: namna alivyolima usiku kwa mwezi wakati mume wake alikuwa mgonjwa, namna alivyoficha Biblia ndani ya kikapu cha maharagwe wakati wa fujo. Shuleni hakuna somo hilo.

Muzee pasta alitukaribisha, akasikia swali, akakaa kitambo. Akasema kwamba amezika watu wengi, na hajui zaidi ya yale Bwana mwenyewe alisema. Akafungua Yoana 14, pale Yesu anaposema na wanafunzi wake juu ya nyumba ya Baba na pahali anapowatengenezea. Hakusoma yeye. Alimpa baba yetu kitabu asome. Baba anasoma polepole, kidole juu ya mustari, neno kwa neno, na mara nyingine neno moja mara mbili. Sisi tulikuwa karibu yake. Tungeweza kusoma sura ile yote kwa dakika moja. Tukangoja. Alipofika kwenye neno juu ya pahali, akasimama, akalisoma tena, akafunga kitabu. Hakuuliza tena.

Tukirudi, alitembea mbele yetu, na hakusema kitu mpaka karibu na nyumba. Pale akageuka, akasema: "Ni vizuri ulikuja." Basi. Hata leo hatuwezi kusema kwamba tunajua kujibu swali lake la usiku ule kwa maneno yetu. Lakini tuliuliza pamoja, na tulipokea pamoja.

Ndugu, tunajua kwamba si wote kati yetu wako na baba. Mauaji ya Beni tangu mwaka 2014, na vita iliyofika Kanyabayonga mwaka 2024 na kusukuma watu kwa maelfu, vimewaacha wengi bila baba, bila mama, ao bila kujua wako wapi. Kwa hawa, kusema "ketini na baba zenu" ni kuongeza kidonda. Lakini Uddalaka alikuwa na mfano mwingine. Alisema juu ya mtu aliyefungwa macho, akatolewa mbali na nchi yake, akaachwa pahali pasipo watu, anapiga kelele huku na huku. Mtu mmoja akamfungua kitambaa, akamwonyesha upande wa nchi yake. Basi yule, akiwa na akili, anauliza kijiji kwa kijiji mpaka anafika kwao. Hivyo ndivyo mtu mwenye mwalimu anavyojua. Wakimbizi wa vita wanaelewa mfano huu kuliko sisi wote. Kama baba hayuko, yuko nyanya, yuko shangazi, yuko mwalimu, yuko shemasi. Timoteo alipokea imani kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, soma 2 Timoteo 1. Na wewe ambaye macho yako yako wazi, mfungulie mwenzako kitambaa.

Sasa tufike mwisho, tusichokeshe watu. Tunaacha mashauri matatu.

Kwa wafinalisti: siku utakapopata diploma, kabla ya kupiga picha na kukaa na marafiki, ipeleke kwa baba na mama, hata kama hawajui kusoma. Kisha waulize neno moja ambalo shule haikukufundisha. Kumbukeni Apolo katika Matendo 18: alikuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, lakini alikubali Priskila na Akila, watu wa kushona hema, wamfundishe zaidi. Na kama kuko hasira kati yako na baba yako, sikia hii pia. Katika Katha Upanishad iko habari ya kijana Nachiketa, ambaye baba yake alimkasirikia na kusema anamtoa kwa Kifo. Kijana akaenda mpaka nyumba ya Kifo, akangoja siku tatu bila kula. Kifo akampa ruhusa ya kuomba mambo matatu. La kwanza hakuomba mali wala maisha marefu. Aliomba hasira ya baba yake itulie, na baba ampokee akirudi. Kama yule aliombea amani kwa baba yake akiwa kwa Kifo, sisi tutashindwa kuiomba tukiwa Kasugho?

Kwa wadogo wetu wa kalasi za chini: msingoje diploma. Kumbukumbu la Torati 6 inasema juu ya siku mtoto atakapomuuliza baba maana ya amri za Mungu. Angalieni vizuri: mtoto ndiye anaanza kuuliza. Ulizeni basi, hata leo jioni, maharagwe yakiwa bado motoni.

Kwa wazazi na walimu wetu: tunasema kwa heshima, tukiinamisha kichwa. Msiogope kutuambia kwamba jambo fulani hamlijui. Hatutawadharau. Mtoto anayesikia baba yake akisema "mimi pia sijui, twende wawili" amekwisha kupata baba na mwalimu kwa siku moja. Na mkituambia twende, sisi tusijibu kama Shvetaketu alivyojibu siku ile. Tuchukue fimbo na koti, twende pamoja.

Mungu awabariki wote, na awasaidie wafinalisti katika mtihani.

Ni sisi, kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho, Kasugho.